Gari la Dukani: Kutoka Safari ya Pasaka hadi Mlima wa Bathurst

Mgeni anayehamia Sydney kutoka kwetu Afrika Mashariki hakawii kuulizwa swali ambalo hakulitarajia: je, wewe ni mtu wa Ford au mtu wa Holden? Wengi wetu tuliulizwa hivyo kazini katika wiki zetu za kwanza, tukadhani tunaulizwa tuna gari gani nyumbani. Kumbe swali hilo ni kama lile la Simba na Yanga kule Dar es Salaam, au Gor Mahia na AFC Leopards kule Nairobi. Mtu huzaliwa upande wake, huurithi kwa baba yake, na hata akienda kazini na Toyota moyo wake haubadiliki.

Chimbuko la ushabiki huo ni mashindano ya Bathurst, mji ulio kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Sydney. Kila mwezi wa Oktoba magari huzunguka mlima uitwao Mount Panorama mara 161, kila mzunguko kilomita 6.213, jumla kilomita 1,000. Siku za kawaida njia hiyo ni barabara ya umma. Watu wana nyumba kandokando yake, na mgeni anaruhusiwa kuipita na gari lake mwenyewe, mradi asizidishe kilomita 60 kwa saa.

Katika makala haya tungependa kueleza jinsi mchezo huu ulivyobadilika machoni pa mashabiki wake wa siku nyingi, na kuulinganisha na Safari Rally ya kwetu. Mchezo wa wenyeji wetu hapa na ule wa nyumbani ulianza kwa wazo moja, ukapotewa na wazo hilo kwa njia inayofanana, na mashabiki wa pande zote mbili wana msiba mmoja, ingawa hawajuani.

Wazo lenyewe ni gari la dukani. Wamarekani walipoanzisha chama chao cha NASCAR mwaka 1948, na mwaka uliofuata wakaanza mfululizo wa mbio za magari yaliyo kama yalivyotoka kiwandani, walitaka mtazamaji aone gari lile lile analoweza kulinunua Jumatatu. Lakini si wao peke yao waliowaza hivyo.

Mwaka 1953 Waingereza waliokuwa Kenya walitaka kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil, mmoja wa waasisi, alialikwa kushindana katika kiwanja cha Langa Langa huko Gilgil, akakataa kwa kuwa hakuona raha ya kuzunguka pale pale. Alitaka mbio za kwenda mahali. Ndipo yakapangwa mashindano ya maelfu ya kilomita kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za vumbi na tope zile zile walizopita wakulima na wafanyabiashara. Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, na katika miaka hiyo ya mwanzo madaraja ya mashindano hayakupangwa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya gari dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, la ghali na la ghali. Mwaka ule wa kwanza gari lililofika na makosa machache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, ile tuiitayo kobe, iliyoendeshwa na Alan Dix.

Ni vizuri tuseme ukweli wote. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mashindano hayo yalikuwa ya walowezi. Mwafrika alikuwa mtazamaji wa kando ya barabara. Hata hivyo barabara ilikuwa yake, kwa maana ilipita mlangoni pake, na gari lililopita lilikuwa gari alilolifahamu. Alilitengeneza gerejini, alilisukuma lilipokwama, na baadaye akalipanda kama abiria. Hivyo ndivyo mchezo wa wageni ulivyogeuka kuwa wetu, polepole, bila ya mtu kutukabidhi.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1960 hapa Australia yalianzishwa mashindano ya maili 500 katika kisiwa cha Phillip Island, Victoria, kwa magari ya kawaida ya nchi hii. Lami ya kiwanja hicho iliharibika, na mwaka 1963 mashindano yakahamia Bathurst. Na hapa je, madaraja yalipangwaje? Kwa bei ya dukani! Watu wawili walio mbalimbali, mmoja Nairobi na mwingine New South Wales, walifikia uamuzi ule ule: mbio hizi ni mtihani wa gari la mnunuzi. Mwenye pauni zake chache na apate kujua ni gari gani la pauni chache litakalomfaa. Kwa pande zote mbili, siku hizo za mwanzo ushindi wa daraja ndio uliotiliwa maanani kuliko kuwa wa kwanza kwa jumla.

Mtihani huo ulichukuliwa kwa dhati. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari, yakamaliza 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na msomaji njia wake Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda na Chris Rothwell, tena katika Peugeot 404. Mwaka 1968 walianza 93, wakamaliza 7 tena, na mshindi akawa yule yule Nowicki katika Peugeot ile ile ya 404. Je, mwenye teksi wa Nakuru au Arusha alihitaji tangazo jingine? Wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka kwamba kusafiri kwa Peugeot kulikuwa jina la usafiri wenyewe: unabanwa na abiria wenzako, mzigo juu, na dereva anajiona Nowicki. Wenye matatu wakalichukua lile la pikapu. Gari lililoshinda Pasaka ndilo lililotupeleka matangani na arusini mwaka mzima.

Huku Bathurst ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1963 ilishinda Ford Cortina GT ya Harry Firth na Bob Jane. Mwaka 1966 magari madogo ya Mini yalishika nafasi tisa za kwanza zote, na polisi wa New South Wales walikuwa na Mini zao za kukimbizia wahalifu. Mmoja wa madereva wawili walioshinda mwaka huo, pamoja na Bob Holden, alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland. Jina hilo halikosi kuwagutusha wazee wetu. Ni yule yule aliyekuja Kenya mwaka baada ya mwaka, akawa wa pili mara kadhaa, na Safari haikumpa ushindi hata mara moja. Bathurst ilimpa, Safari ikamnyima. Gari nalo lilivuka bahari kama dereva: mwaka 1973 Mitsubishi Lancer zilishika nafasi nne za kwanza katika Southern Cross Rally ya hapa New South Wales, na Pasaka ya 1974 Joginder Singh akashinda Safari katika Lancer.

Huyu Joginder anastahili aya yake. Alizaliwa Kericho, akawa fundi, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, aliupata katika Volvo iliyokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Hapo ndipo maana ya gari la dukani inapoonekana vizuri. Haikuwa lazima uwe na kiwanda nyuma yako. Ulihitaji gari ambalo mtu mwingine ameshalichosha, spana, na kuijua barabara. Alishinda tena mwaka 1976, akawa na ushindi mara tatu.

Basi wazo hilo liliharibikaje? Halikuharibiwa na adui. Liliharibiwa na mafanikio yake. Wenye viwanda walipoona kwamba anayeshinda Jumapili huuza Jumatatu, hawakungoja tena gari la dukani lifanye mtihani. Walianza kutengeneza gari la mtihani na kulipitisha dukani kwa ajili ya kutimiza kanuni. Hapa Australia Ford ilitoa Falcon GTHO Phase III, na Allan Moffat akashinda nayo Bathurst mwaka 1971. Mwaka 1972 gazeti la Sydney, Sun-Herald, liliandika kwamba magari ya mwendo wa maili 160 kwa saa yalikuwa karibu kuuzwa kwa umma. Wanasiasa walikuja juu, na viwanda vikaiacha mipango hiyo. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa. Mashindano yakawa ya kilomita 1,000, na timu zikaruhusiwa kulibadilisha gari kwa ajili ya mbio. Hatua ilikuwa ndogo, lakini tangu siku hiyo gari la mshindi na gari la jirani yako hayakuwa tena kitu kimoja.

Wakati huo huo Safari nayo ilikuwa ikipanda daraja. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 Safari iliingia katika msimu wa kwanza wa mashindano ya dunia. Timu za viwanda zilileta mafundi wao, matairi yao, na baadaye helikopta za kutangulia angani kuangalia ng'ombe, twiga na watu barabarani. Yetu yalibaki kwa muda kwa sababu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye jamii yake ya Kiasia ilifukuzwa huko mwaka 1972. Alishinda Safari ya 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, yote mitano akiwa na Datsun. Lakini katikati ya miaka ya 1970 Safari iliacha kuzunguka nchi tatu ikabaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Watoto wa Kampala na Moshi waliokuwa wakingoja vumbi la Pasaka walibaki na redio.

Miaka ya 1980 kanuni za dunia ziliruhusu gari liingie mbioni hata kama yametengenezwa 200 tu ya aina yake. Toyota Celica za turbo zilishinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Zilifanana na Celica ya mjini kwa sura, kama mtu anavyofanana na picha yake ya harusi.

Bathurst ina kisa chake cha miaka hiyo, nacho kinatugusa sisi wageni kuliko vingine. Mwaka 1991 na 1992 Jim Richards na Mark Skaife walishinda katika Nissan Skyline GT-R. Mara ya pili mvua ilinyesha, magari yakagongana, mashindano yakasimamishwa, na ushindi ukapewa Nissan iliyokuwa imeharibika. Umati ulizomea washindi jukwaani. Walikuwa na hasira ya namna mbio zilivyoisha, hilo tunalikubali, lakini si hilo peke yake. Walitaka Ford au Holden. Mwaka 1993 kanuni mpya zikayafungulia njia magari ya Ford na Holden yenye injini ya silinda nane, na Nissan hiyo ikaondoka. Nasi tunajiuliza: Nissan ndiyo Datsun. Kule Nairobi Datsun ilipokelewa kama mwana wa nyumbani, ikaimbwa na kupigiwa makofi, na hapakuwa na kiwanda cha nchi yetu cha kuionea wivu. Hapa ndugu yake alizomewa kwa sababu alishinda nyumba ya watu. Anayeishi ugenini anaielewa picha hiyo bila ya kufafanuliwa.

Hata hivyo hatupendi kuwacheka wenyeji wetu, maana yaliyowapata baadaye ni mazito. Ford ilifunga kiwanda chake cha magari hapa Oktoba 2016, Holden Oktoba 2017, na Februari 2020 ikatangazwa kwamba hata jina la Holden litazikwa. Holden Commodore ilishinda Bathurst kwa mara ya mwisho mwaka 2022, ikiendeshwa na Shane van Gisbergen na Garth Tander. Mwaka 2023 mashindano yakawa kati ya Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Chini ya bodi hizo mna fremu za mabomba zinazofuata mchoro mmoja, na vifaa vingi ni vya aina moja kwa timu zote. Camaro yenyewe kiwanda kiliacha kuitengeneza karibu na mwisho wa mwaka huo huo. Kwa hiyo shabiki aliyeamua kuipenda aliambiwa apende gari asiloweza kulikuta katika duka lolote la magari mapya mjini Sydney. Duara limezunguka kabisa: mbio zilizoanza kwa ajili ya mnunuzi sasa zina gari lisilo na mnunuzi.

Viwanja navyo vimekwenda. Mbio za magari pale Warwick Farm zilikwisha mwaka 1973, wakabaki farasi. Amaroo Park ilifungwa mwaka 1998. Oran Park, iliyofunguliwa mwaka 1962, ilifungwa mwaka 2010 na sasa ni mtaa wa nyumba, ambamo baadhi ya barabara zimepewa majina ya madereva. Familia changa zinasukuma vigari vya watoto katika Peter Brock Drive, na huenda si wote wanaojua kwamba Peter Brock alishinda Bathurst mara tisa. Alifariki Septemba 2006 katika mashindano huko Australia Magharibi. Shekhar Mehta wetu alifariki London mwaka huo huo, mwezi wa Aprili. Mwaka mmoja ulizichukua enzi mbili.

Safari nayo ilitolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, Colin McRae akiwa mshindi wa mwisho. Kwa miaka 18 wapenzi wake walijiliwaza na mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambamo Datsun na Escort zilitoka tena gerejini. Iliporudi katika mashindano ya dunia Juni 2021, Sébastien Ogier akishinda, ilikuwa Safari nyingine. Kambi yake iko Naivasha, mbio zenyewe hazifiki kilomita 400, zimegawanywa vipande, na njia hufungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba ya watu na hifadhi. Mwaka 2024 ilirudishwa Pasaka, jambo lililowafurahisha wazee. Lakini siku ya kungoja mlangoni kwako, saa nane za usiku, taa zitokee kilimani, hiyo haikurudi.

Je, tuseme basi ya zamani yote yalikuwa mema? Hapana. Barabara ambayo haikufungwa ilikuwa na mtoto wa shule, mwenye baiskeli na lori lisilo na taa. Hapa Bathurst, Mike Burgmann alikufa mwaka 1986 kwenye mteremko wa Conrod, na mwaka uliofuata pakajengwa kona mpya za kupunguza mwendo. Wapo mashabiki walionung'unika kwamba mlima umeharibiwa. Sisi tunaona kona hizo ni deni lililolipwa kwa kuchelewa. Dereva wa leo hugonga ukuta akashuka akitembea, na hakuna shabiki mwenye akili anayeweza kuutaka wakati ambapo hakushuka.

Televisheni nayo imetupa na kutunyang'anya. Mwaka 1979 kituo cha ATN-7 cha hapa Sydney kiliweka kamera ndani ya gari huko Bathurst, na mtu aliyekaa sebuleni akaona mlima kwa macho ya dereva. Kwa wengi wetu tuliohamia hapa, ndiyo njia tuliyoingilia katika mchezo huu. Lakini tangu 2015 sehemu kubwa ya msimu iko kwenye televisheni ya kulipia, na si kila nyumba inayoweza.

Kilichopotea hasa, kwa maoni yetu, ni haki ya kuhukumu. Shabiki wa 1966 hakuwa mtazamaji tu. Alijua uzito wa klachi ya Mini au springi za Peugeot kwa sababu alizikalia, na gari likishindwa alijua kwa nini. Maneno yake barazani au baa yalikuwa na uzito wa ushahidi. Shabiki wa leo anaelezwa na wataalamu kwa michoro na tarakimu, naye hupokea. Anajua mengi zaidi, na hana la kuongeza. Kama mtihani ule wa mnunuzi ungekuwapo bado, hatuna shaka kwamba bingwa wa Afrika Mashariki leo angekuwa Toyota Probox iliyotoka Japani ikiwa imetumika, imepakia kupita kiasi, ikipanda mlima wa matope bila ya helikopta. Hakuna anayeipa kombe, lakini kila mmoja wetu ana hukumu yake juu yake.

Ndiyo maana tunaona kwamba wazee wa Bathurst na wazee wetu wana mengi ya kuambiana. Ukikutana na jirani wa Blacktown au Penrith mwenye Commodore kuukuu chini ya turubai, mwulize ni mwaka gani, na baba yake alikuwa wa upande gani. Kisha mweleze juu ya yale 7 yaliyomaliza kati ya 84. Ataelewa. Na wazee wetu wa jumuiya waliosimama kando ya barabara ya Nanyuki, Mbale au Korogwe, tunawaomba waandike au wawasimulie wajukuu: gari gani, mwaka gani, kona ipi, na nani aliyelisukuma lilipokwama. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanajua kwamba Aaltonen alishinda Bathurst, au wanaweza kulisoma hilo popote. Jina la aliyelisukuma gari kule Korogwe halijaandikwa mahali.